Nusu ya Sindano

Chumba kile cha kushonea kilikuwa na sheria moja: sindano ikivunjika, vipande vyote vitafutwe, vibandikwe daftarini pamoja na jina la aliyevipata, ndipo mzigo utoke. Fundi mwenyewe ndiye aliyeiweka, kwa kuwa alishonea watoto wachanga.

Jumatatu sindano ilikatika. Nusu ya juu ilibaki mashineni. Ya chini, yenye ncha, haikuonekana.

Kufikia Alhamisi walikuwa wamepitisha sumaku juu ya vijinguo arobaini vya wodi ya wazazi, wamefumua mapindo, wamefagia sakafu hadi wakachoka. Fundi chakula hakikumpita kooni. Kila akifumba macho alimwona mtoto analia, na hakuna anayejua panapomchoma. Kesho asubuhi mzigo ungechukuliwa.

"Labda ilitoka na taka, wifi," alisema wifi yake, mjane wa kaka yake, aliyekuwa akitia vifungo.

"Hatumvishi mtoto labda."

Na mbwa naye alikuwa amemganda. Kiraka, mzee wa kulala mlangoni, siku hizi alijipenyeza chini ya mashine, akanusa soksi ya mguu wa kushoto, akailamba. Fundi akimsukuma, alirudi. Mara mbili alilaza kichwa juu ya pedali, mashine ikakwama.

"Huyu ana nini? Mtoe."

"Ananusa soksi zako, wifi. Hata mimi huku zimenifikia."

"Endelea na vifungo vyako."

Kiraka akatolewa, mlango ukafungwa. Hakubweka. Alilia kwa sauti nyembamba isiyokatika, kama uzi unaovutwa, huku akikwaruza mbao.

Wifi akaacha kifungo nusu.

"Vua soksi."

"Nina kazi mimi."

"Alilia hivi wiki ile aliyokufa mume wangu. Tukamfungia nje, tukasema anatupigia kelele. Vua, wifi."

Fundi akasimamisha mashine. Sukari ilikuwa imeitia miguu yake ganzi tangu mwaka juzi. Hata pedali aliikanyaga kwa mazoea tu. Aliinama, akavuta soksi. Ilikuwa imegandia unyayoni.

Wifi akapiga magoti, akatazama. Unyayo ulikuwa umevimba, umeiva, mwekundu hadi kifundoni. Katikati palikuwa na kitundu cheusi, na ndani yake kitu kilimetameta.

"Basi haiko kwenye nguo," alisema fundi, akashusha pumzi ya siku nne.

"Iko kwako!" Wifi alikuwa analia. "Unasikia lakini? Iko kwako."

Daktari aliitoa mchana uleule. Alisema wangengoja hadi wiki ijayo, angekuwa anazungumza nao habari ya kukata mguu. Hata sasa hakutaka kuwaahidi kitu kabla ya siku tatu. Fundi aliitikia kila neno, kisha akaomba apewe ile ncha.

Jioni aliketi mguu ukiwa juu ya stuli. Wifi akabandika vipande viwili daftarini, vikakaa sawasawa. Akaandika tarehe. Kalamu ikasita.

"Aliyeipata niandike nani?"

"Si unamjua."

Wifi akaandika: Kiraka.

Mwenyewe hakuinua hata sikio. Alikuwa chini ya stuli, ananusa bendeji polepole, upande huu, upande ule. Wanawake wawili wakamtazama, wakingoja kuona kama atalala, au atalia tena.