Field ya masikio ya ng'ombe: Django ilivyoninyanyua Karatu

Wakuu, nawasalimu. Ninayoandika hapa ni ya kweli, mashahidi wapo Karatu wanachunga.

"Diploma yako ya IT itaishia kuprinti barua stendi." Hayo aliniambia shemeji yangu Paulo niliporudi kutoka Dar. Akaniazima laptop yake, nadhani ili aishuhudie aibu yangu vizuri.

Nikapata kazi. Ushirika wa wafugaji upande wa Ngorongoro ulitaka mfumo wa kusajili ng'ombe, maana mnadani ugomvi wa "huyu wangu" hauishi. Mwenyekiti, mzee Lemayan, akanipa hadi mnada unaofuata. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa vijana wa Arusha.

Kwenye Django, zana ya kuundia mifumo ya mtandaoni, nikaweka CharField, yaani field (sehemu ya fomu) ya kuandika maneno: "Alama ya sikio", maana kila ukoo hukata masikio ya ng'ombe wake kwa mtindo wake. Kumbe kila karani anaandika lake. Huyu "pengo", yule "imechanwa". Ukimtafuta ng'ombe, humpati.

Mzee akashika masikio yake mwenyewe. "Ero, kijana, hii haiandikwi. Inaonyeshwa."

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka!

Nikasoma documentation, maelekezo ya Django, peke yangu, nikaunda widget: mchoro wa kichwa cha ng'ombe, unagusa pale sikio lilipokatwa. Field yangu inapokea miguso, inaigeuza kuwa data, na inakataa fomu isiyo na alama. (Mtakaosema ningetumia ChoiceField, ile ya kuchagua kwenye orodha, njooni muorodheshe alama za koo zote, nawasubiri.)

Nikampelekea mzee kwa mbwembwe. Akagusa, akatafuta, ng'ombe wake hayupo.

Nilichora ng'ombe anatutazama. Mzee akacheka hadi fimbo ikamtoka. "Unamwangalia usoni kama unamhoji? Sisi tunamchunga kwa nyuma!" Kushoto kwake kumbe kulikuwa kulia kwangu.

Nikageuza mchoro, zikiwa zimebaki siku mbili.

Siku ya mnada wanaume wawili wakagombania dume moja. Karani akagusa sikio la kulia, ncha, halafu chini. Likaja jina moja tu. Yule mwingine akaondoka bila kuaga. Mzee akanishika mkono mbele ya watu: "Arusha wakae na kompyuta zao."

Wakuu, nilijisikia kama nimevumbua umeme.

Funzo: kabla hujaandika class ya programu, simama pale anaposimama mtumiaji.

Jana nimemrudishia Paulo laptop yake, nimeifuta vumbi. Akauliza tu kama naweza kumfundisha mwanae.

Nyie mmewahi kuunda field gani ya ajabu? Leteni, na wa kubisha pia karibuni.