Fundi Yuko Nyuma

Juzi nilipeleka kitenge kwenye duka jipya la nguo karibu na soko la Tabora. Nilipomwita kijana mwenye duka "fundi", alikunja uso.

"Mama, mimi ni mbunifu. Fundi yuko nyuma."

Nilikereka, na hadi sasa sijatulia. Baba yangu alishonea barazani kwetu, penye harufu ya pasi ya mkaa na mafuta ya cherehani, na mtaa mzima ulimwita fundi. Jina hilo lilibeba kichwa chake na mikono yake pamoja.

Alasiri moja Bi Zuhura alileta kitambaa cha gauni lake la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Hakuleta picha yoyote. Baba alimwomba atembee hadi kwenye mwarobaini na kurudi, basi. Alipoondoka, Baba aliketi na kitambaa magotini, macho kayafumba, cherehani kimya. Jirani akapiga hodi kumuulizia.

"Baba amelala," nikamjibu.

"Sijalala," Baba alisema bila kufumbua macho. "Nashona."

Nilidhani anatania, maana kwangu mimi kushona kulikuwa ile sauti ya cherehani.

Basi juzi, baada ya kauli ya yule kijana, nikazunguka nyuma ya duka lake. Nilimkuta fundi mwenyewe, mzee, ameketi kwenye cherehani, ametandaza kitenge changu kwenye meza ya pembeni, chaki mkononi, anakitazama tu. Kijana akachungulia mlangoni.

"Mzee, umelala tena? Mbona sisikii cherehani?"

 Macho ya mzee yalibaki kwenye kitenge, miguu ikaanza kukanyaga, na cherehani ikalia bila kitambaa.