Vishikio vya Shaba vya Mama

Mume wangu na mama yangu waliishi nyumba moja hapa Kitwe bila kusemeshana hata neno.

Na hawakuwa wamegombana!

Kwetu Wabemba, mkwe hamsemeshi mama mkwe mpaka apikiwe karamu ya kumwingiza rasmi kwenye familia. Yetu tuliipanga iwe Agosti.

Mama alihamia kwetu kwa sababu ya kifua. Kifua kikuu cha zamani kilimwachia mapafu mabovu, hata mafua ya kawaida yalimlaza kitandani.

Kapembwa, mume wangu, ni fundi wa shaba. Aling'oa vishikio vyote vya milango, akafunga vya shaba tupu.

"Mwape, mwambie mama, virusi havidumu kwenye shaba. Vinakufa."

Mama yupo palepale kwenye kochi, anasikia kila kitu.

"Mwambie mumeo nimesikia. Na umwambie hii milango ni ya Ikulu, siyo ya huku kwetu!"

Nilicheka mpaka basi. Mkalimani ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Juni, baridi imekaza, nikaenda msibani Mufulira. Huku nyuma Kapembwa akashikwa na homa kali ya mafua. Akajifungia chumbani, akawa anatoka kwenda chooni tu.

Niliporudi, vishikio vilikuwa vinang'aa ajabu. Mama alikuwa anahema kwa shida.

Wiki haikuisha, akatutoka.

"Mafua yana njia nyingi," daktari aliniambia. "Msitafute mchawi."

Nikaona ni kweli. Nikalia tu.

Makaburini, watu wanaanza kutawanyika, Kapembwa akapiga magoti kwenye udongo mbichi. Akaanza kumsemesha mama. Wazee wakaguna.

"Mama, nilikuona ukivipaka vile vishikio vanishi."

Nikakumbuka jinsi vilivyong'aa niliporudi.

"Shaba ikishafunikwa haiui kitu, mama. Nilijua. Nilisimama mlangoni nikanyamaza, nikasema Mwape akirudi atakuambia. Ulikuwa unaimba. Ulikuwa unavipendezesha kwa sababu nilivitengeneza mimi."

Alilia kama mtoto. Hakuna aliyethubutu kumwinua, hata mimi.

Sijamwacha. Kumsamehe bado, siwadanganyi. Kuna siku namwonea huruma, kuna siku siwezi hata kumtazama akila.

Ndugu zangu, heshimuni wakwe zenu. Lakini heshima ikikuziba mdomo wakati mtu yuko hatarini, ivunje, ongea. Utamwomba radhi baadaye, akiwa hai na amekununia.