Pikapu Ndani ya Soksi

Nilishuka Mwembe Tayari asubuhi na pikapu mfukoni, nimeifunga ndani ya soksi. Si kitu kikubwa: sumaku sita ndogo zilizopangwa kwenye kiunzi cha plastiki, na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Hukaa chini ya nyuzi na kupeleka mtikisiko wake kwenye amplifaya. Bila hiyo, gitaa la umeme ni ubao tu.

Haikuwa yangu. Nilikuwa nimehama nayo miaka kumi na miwili, Arusha, Kisumu, Nakuru, kila chumba nilichopanga, na mwenyewe alikuwa hapa kisiwani Mombasa, akiamini kwamba aliiua kwa mkono wake.

Zamani hizo tulikutana Jumapili baada ya alasiri kwa fundi mmoja wa redio huko Mji wa Kale. Tulikuwa watu sita wa kubishana: nyuzi nene au nyembamba, kidole au kipande cha plastiki. Mwenye pikapu alikuwa karani wa bandari pale Mbaraki, amenizidi miaka kumi, nami nilimwita kaka. Alipiga kwa dole gumba tupu, kiganja amekilaza juu ya nyuzi karibu na mwisho wake, hivyo kila sauti ilitoka fupi na kavu, kama mtu anayezungumza huku amebana meno. Nilijaribu kumwiga mwaka mzima. Kiganja changu kilikuwa kizito, kiliua kila kitu.

Na pikapu yake ilikuwa imelegea waya ndani. Ukiongeza sauti, ilipiga yowe. Lakini pia ilinasa sauti ya mtu. Aliinama, akaiwekea mdomo, na salamu ikatoka kwenye amplifaya kama imepitia kwenye mkebe: "Hamjambo nyote, walevi wa kahawa?" Tulicheka kila Jumapili kana kwamba ni mara ya kwanza.

Siku moja aliitwa kupiga kwenye ukumbi wa shule huko Kizingo, mbele ya wazazi. Akaogopa lile yowe. Dawa yake inajulikana: unaichovya pikapu kwenye nta iliyoyeyushwa, nta inaingia kati ya waya na kuushika usitikisike. Nta huyeyushwa kwenye mkebe uliowekwa ndani ya sufuria ya maji, kwa moto mdogo. Kila mpenda gitaa huambiwa hilo kabla ya jingine lolote.

"Kidogo tu, yakhe," aliniambia akinikabidhi pikapu nikaichovye. "Usiinyamazishe kabisa."

Nyumbani nilikuwa na haraka. Niliweka mkebe wa nta ya mishumaa moja kwa moja juu ya jiko la mafuta, nikatumbukiza pikapu, nikatoka mlangoni kuzungumza na jirani. Niliporudi kiunzi kilikuwa kimepinda kama ganda la ndizi.

Jumapili niliileta ikiwa imegandiwa na nta isionekane ilivyopinda, nikasema mbele ya wote kwamba niliikuta waya wake umekatika ndani. Kaka akaipokea, akaitazama.

"Basi ni mimi," akasema. "Usiku wa kabla sijakupa niliikaza skrubu. Nilitaka isogee karibu na nyuzi."

"Daktari kaua mgonjwa!" fundi akapiga kelele.

"Daktari, na mimi nna redio inaumwa, usiiguse, wallahi!" akadakia mwingine.

Wakacheka. Nami nilicheka, na labda nilicheka kuwazidi. Jina la Daktari likamganda. Alinunua pikapu nyingine, akapiga Kizingo, hakuna aliyelalamika. Jumapili chache baadaye akaacha kuja. Mimi nikaondoka Mombasa, na ile iliyoharibika nikaichukua, kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Nakuru ndiko nilikoifufua. Nilichonga kiunzi kipya, nikakifunga kwenye gurudumu la cherehani ya kuazima, nikazungusha waya mpya jioni nyingi. Ukikatika, naanza upya. Sumaku ni zile zile. Sikuipaka nta.

Nilimkuta bado anaishi Mbaraki, chumba kile kile alichopanga enzi za bandari. Amestaafu. Alifungua mlango akanitazama kitambo.

"Wewe ni wewe? Umekonda, yakhe. Ingia."

Gitaa lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kanga. Nilitoa soksi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: mkebe, jiko, jirani, uongo. Nilizungumza upesi, kama mtu anayetapika.

Alikaa kitandani.

"Niliizungusha ile skrubu mara tatu," akasema. "Nimekuwa nikijiambia, kumbe zingetosha mbili." Kisha: "Sijashika bisibisi tangu siku ile. Hata bawaba ya mlango huu namwita mtu."

Niliomba nimfungie pikapu kwenye gitaa. Akaitikia kwa kichwa. Nilitoa ile aliyonunua, nikalehemu nyaya mbili, nikarudisha nyuzi, nikawasha amplifaya. Mvumo ukajaa chumbani, ule ule. Nikampa gitaa.

Alilaza kiganja mahali pake. Akapiga sauti moja kwa dole gumba, fupi, kavu. Ilikuwa yenyewe. Akagonga pikapu kwa ukucha, ikaitika kwenye amplifaya: tok, tok. Akainama juu yake. Nikangoja ile salamu. Nilikuwa tayari kucheka.

Haikuja. Akiwa ameinama vile vile, akazungusha kitufe cha sauti taratibu hadi mvumo ukaisha, akalilaza gitaa kitandani kando yake na kulifunika kanga.

"Gari lako ni la saa ngapi?" akauliza.

Begi langu lilikuwa pale mlangoni, na nguo zangu zote zilikuwa ndani yake. Nikasema la saa kumi. Sikuwa nimekata tiketi ya kurudi.