Mlango wa Mama Funguo

Mama Funguo ndiye aliyewapatanisha vijana wa kompyuta waliogombania friji, ndiye aliyemtoa mlevi sebuleni bila kumgusa, na ndiye mlezi wa ile nyumba ambamo kila mtu ana chumba chake lakini jiko ni la wote, maana mji huu kodi yake haishikiki. Mjukuu wangu alikuwa ameshazikagua nyumba kadhaa za namna hiyo. Nilimsindikiza nikiomba na hii imchukize, abaki kwangu.

Mama huyo huvaa kandambili usizozisikia, na huongea chini chini mpaka umwinamie. Hakuuliza kazi wala mshahara. Alisema tu, "Mwanangu, toka, kisha uingie ufunge mlango." Kuta za pale ni nyembamba, na wapo wanaofanya kazi usiku wakalala mchana. Mjukuu wangu akaubamiza, kama anavyoubamiza wangu tangu utotoni. Moyo wangu ukacheka.

"Rudia, mwanangu. Kuna mtu amelala," Mama Funguo akamwambia.

Akaufunga, hata kitasa usikisikie. Mimi nimempigia kelele kuhusu mlango wangu miaka yote hiyo, na mama huyu amemweza kwa neno moja. Wivu ukanishika.

"Umemlea vizuri, dada," akaniambia, na sifa yenyewe ikaniuma.

"Bibi, hapa nimepapenda," akasema mjukuu wangu.

Mama Funguo akafungua kabati, akaniwekea mikononi pazia la chumba cha mjukuu wangu. "Basi bibi yake, mtundikie mwenyewe. Ndoano zimo kwenye kopo lile."