Niligoma Kutoa Naitrojeni, Mama Mkwe Akazikwa Bila Mwanawe

Kosa ni langu na sina wa kumsukumia. Wakwe zangu wa Mngeta wanaamini tulichelewa msibani kwa sababu ya barabara. Sababu yenyewe, katika ukoo mzima, tunaijua mimi na mke wangu tu, na yeye hajamwambia mtu. Hilo ndilo linalonimaliza.

Nilikuwa nimepeleka gari Morogoro kubadilisha matairi. Dukani wakanishawishi nijaze naitrojeni badala ya upepo wa kawaida. Wakasema haipungui haraka, tairi halipati moto, hata ndege zinatumia. Wakanifungia vifuniko vya kijani pale pa kujazia na kunionya nisichanganye na upepo wa mtaani.

Nikarudi Ifakara kichwa kimevimba. Aliyeuliza na asiyeuliza, wote niliwaonyesha vifuniko vyangu. Mke wangu alichoka kunisikia.

Masika yakiwa yamekolea, mama yake akafariki. Tuliondoka asubuhi ili amwone mara ya mwisho kabla ya kuzikwa saa nane. Tulipoiacha barabara ya Mlimba na kuingia njia ya kijijini kwao, gari likazama kwenye tope jeusi. Kulia majaruba ya mpunga, kushoto majaruba ya mpunga. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

Akatokea mzee mmoja wa Kisukuma anaswaga ng'ombe wake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Punguza upepo, baba. Tairi ilale kidogo, ishike tope, utatoka sasa hivi. Pampu ya baiskeli ninayo nyumbani, mtajaza hapo mbele."

"Huu si upepo, mzee. Hii ni naitrojeni. Nikiitoa hapa nitaipata wapi?"

Mzee akayatazama matairi, akamtazama mke wangu ndani ya gari na kanga yake kichwani, akawafuata ng'ombe wake.

Simu ya mke wangu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, nilimsikia vizuri kabisa: "Dada, mko wapi? Kaburi linajaa maji. Tunayachota, yanarudi. Padri anasema tusingoje zaidi."

Mke wangu akanigeukia. "Nakuomba, toa huo upepo. Mama anazikwa."

Nilijua mzee yule amesema kweli. Lakini baada ya majigambo yote yale, niiname nifungue vifuniko mbele ya mke wangu? Nikamwambia asubiri nijaribu tena. Nikakanyaga mafuta, gari likazidi kukaa.

Hakubishana. Akavua viatu, akavishika mkononi, akashuka kwenye tope na kuondoka kwa miguu.

Nilikaa mle ndani peke yangu zaidi ya saa nzima, nikiwa na naitrojeni yangu yote. Mzee aliporudi na ng'ombe akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwonyesha nyayo kwenye tope. Akachuchumaa, akafungua vifuniko, akapunguza upepo tairi moja baada ya jingine. Gari likatoka kwa jaribio la kwanza. Nililia kama mtoto!

Nilimkuta mke wangu ameketi kando ya kaburi lililokwisha kufukiwa, tope hadi magotini. Alifika wanaweka msalaba. Akanitazama, akauliza kwa upole, "Matairi yako mazima?"

Baadaye fundi wa hapa Ifakara alinieleza kwamba hata upepo tunaoupumua sehemu kubwa ni naitrojeni, na kuchanganya hakuharibu chochote. Ile ya dukani hupungua polepole kidogo tu kuliko upepo wa kawaida, basi. Kwa njia zetu hizi, cha maana ni kupima upepo mara kwa mara.

Mke wangu ananipikia, tunasali pamoja, tunalala kitanda kimoja. Ila akienda kaburini kwa mama yake anapanda basi. Nikimwambia nimpeleke, anasema nisichoshe matairi. Siwezi kumlaumu, siwezi kuwaambia wakwe, na gari nikiliuza wataniuliza kwa nini.

Ndugu yangu unayesoma, ukitaka naitrojeni, jaza. Ila siku mwenzio akikwambia toa, shuka ukatoe wakati bado ameketi kwenye kiti chake.