Mwasumini Uliozama

Kila alasiri asumini ikianza kufunguka mlangoni kwetu hapa Mabela, harufu yake hunirudisha uani kwa bibi, kule mtaa wa Ghubra. Mwaka mmoja wadi, ule mkondo mkavu wa maji ya mvua, ulifurika, na mwasumini alioupanda kwa kitawi cha Unguja ukazama siku mbili. Maji yalipokauka majani yalikuwa yamelegea. Nikadhani una kiu, nikaumwagia ndoo nzima.

Bibi akanishika mkono. "Basi, mwanangu. Huu hauna kiu, umekosa pumzi."

Akapiga magoti, akaondoa tope shinani kwa vidole, kisha akakwangua gome kwa ukucha. Ndani kijani.

"Nnakwambia, mzima huu!"

Mwasumini wa mlangoni kwangu ni kitawi cha ule wa bibi. Kabla ya kuumwagilia natia kidole udongoni, namwombea bibi, ndipo nachukua ndoo.